Ua Malkia

Kasri lina vyumba arobaini na kimoja, na vyote vinaingia kwenye kabati la Kishindo.

Ngazi za marumaru ni vigae viwili na kiatu cha kiume chenye kisigino kigumu. Lango kuu, lile linalofungwa kila adui anapotokea, ni mlango wa friji bovu uliong'olewa na kuwekewa magurudumu. Ukiuvuta polepole unalia kama paka aliyekanyagwa mkia. Handaki la maji linalozunguka kuta ni beseni. Wapanda farasi mia tatu ni vikombe viwili vya plastiki vinavyogongwa juu ya ubao, na siku ambayo bega linamsumbua Kishindo, mtengeneza sauti wa mchezo wetu wa redio, jeshi zima huja kwa kujikongoja, nami hulazimika kuandika kwamba njiani kulikuwa na tope.

Taji ndilo halina sauti. Kwa hiyo kila Malkia anapolivaa inabidi aseme, "Taji hili zito," ili msikilizaji ajue limepanda kichwani. Mama Mkubwa alikuwa akiyasema maneno hayo kwa miaka kumi na mmoja.

"Siku hizi shingo inaniuma kweli," aliniambia mara moja tukipanda ngazi za kituo cha redio. Tulikuwa ghorofa ya pili, tunakwenda ya nne. Lifti iliharibika nikiwa bado navaa sketi ya shule, na kibandiko cha "inatengenezwa" kimeshabadilishwa mara tatu kwa sababu ya kuchakaa.

"Tupumzike, Mama."

"Nikipumzika hapa sitainuka. Twende tu."

Mama Mkubwa ni dada wa mama yangu, tumbo moja. Mama alipofariki nikiwa na miaka sita, yeye ndiye aliyenishika mkono makaburini, na hakuuachia tena. Mchana anapiga pasi mashuka katika hoteli moja, kwenye chumba kisicho na dirisha ambamo mvuke hukaa kama mpangaji. Alasiri ya kila Alhamisi anavua aproni, anapanda ghorofa nne, anakuwa Malkia. Nilikuwa na miaka kumi na minne alipopewa sauti hiyo. Jioni nilimshikia karatasi ili akariri; nikawa Jemadari, nikawa waziri mnafiki, nikawa farasi. Nadhani ndipo maneno yaliponikamata. Nikaenda kusomea lugha, nikapata stashahada (wenzangu wanasema diploma, mimi nasema stashahada, neno lipo na halijaumwa), nikarudi kituoni kuandika mchezo uleule niliokuwa farasi wake.

Mkuu wa vipindi tunamwita Fupisha. Si jina la kumtukana. Ukimpelekea kurasa kumi zinarudi na neno hilo moja kwa wino mwekundu: Fupisha. Ukimpelekea tano, Fupisha. Kishindo anaapa kwamba hata kadi ya harusi ya mpwa wake ilirudi nalo.

Sasa, Ijumaa moja nikakuta kurasa zangu mezani, zimebanwa na kikaratasi cha njano. Mwandiko wa Fupisha, ule unaoegemea upande mmoja kama unataka kulala. Kilisema:

*Ua malkia. Kipindi kijacho. Fupisha.*

Hapo mwisho hakuna aliyeweza kujua kama ni amri au sahihi.

Nilikaa kwenye ngazi. Wafagiaji walinipita, mmoja akainua ufagio kunipisha kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikifagia. Wiki mbili zilizotangulia nilikuwa nimemsikia Fupisha akimuuliza fundi mitambo kuhusu binti anayesoma matangazo ya sabuni, kama ana sauti ya kubeba mchezo mrefu. Na kweli, sauti ya Mama Mkubwa ilikuwa imeanza kukwaruza. Tulikuwa tukirudia sentensi mara tatu, mara nne. Nikajumlisha mimi mwenyewe, nikapata jibu mimi mwenyewe: wanamtoa. Miaka kumi na mmoja, na wanamtoa kwa kikaratasi cha kubandika kwenye friji.

Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba hata hasira ilikuja imekaa. Nikakisoma kikaratasi tena. Nikakisoma kama tulivyofundishwa kusoma, neno baada ya neno, bila kumsaidia mwandishi.

Kisha nikaenda kwa Kishindo.

Alikuwa amepiga magoti mbele ya kabati lake, anatafuta mvua. Mvua ni mchele ndani ya chujio, na mara nyingi panya huipunguza.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Usikanyage hapo, hapo ni bustani."

"Nisomee hiki."

Akavaa miwani yake iliyofungwa kwa waya. "Ua malkia." Akakuna shavu. "Basi nitafute panga. Hili lililopo limekula kutu, linalia kama kijiko."

"Sijakuuliza panga. Nimekuuliza, hapo pameandikwa nini?"

"Binti, mimi nina umri wa kukuzaa. Usinitahini."

"Ua ni nini?"

"Ua ni kuua! Wewe vipi?"

"Na kile ulichopanda kwenye kopo la rangi pale dirishani?"

Akageuka kulitazama. "Lile nalo ua."

"Na pale nyuma ya nyumba yenu, mke wako anapoanika nguo?"

"Uani."

"Ua. Ukuta pande nne na mbingu juu." Nikakaa juu ya ngazi za marumaru. "Angetaka Malkia auawe angeandika 'muue malkia'. Malkia ni mtu, Mzee. Kitenzi kikimwangukia mtu lazima kimshike: mu-ue. Hapa hakuna mu. Hata mtoto wa darasa la tatu hasemi 'piga mama', anasema 'mpige mama', ingawa hapigi. Kwa hiyo hiki si kitenzi. Hili ni jina, na limeangusha kiungo chake njiani. Ama ni ua la malkia, ama ni ua wa malkia."

Kishindo akavua miwani. Alikuwa ananitazama kama mtu anayetazama sufuria inayokaribia kufurika.

"Na wewe umeokota kipi?"

"Wa pili. Ua la kuchanua linakwisha kwa kipindi kimoja. Ua wa nyumba unaweza kukaa watu."

Alicheka mpaka akakohoa, akaegemea lango kuu, nalo likalia.

"Atakuua," akasema akijifuta macho.

"Umeona? Wewe umeweka ku."

Nikaandika siku mbili. Nilikumbuka, na nilistaajabu kwamba hakuna aliyewahi kukumbuka, kwamba katika vyumba vyote vile Malkia hakuwahi kupewa mahali pa kukaa nje. Alikuwa na ukumbi wa enzi, chumba cha silaha, jela mbili, ghala la sumu, na ngazi ya siri aliyoitumia kutoroka kila baada ya miezi mitatu. Mahali pa kuvulia viatu hakuwa napo. Kwa hiyo nikamfanya aamuru ukuta wa nyuma ya ukumbi uvunjwe, ajengewe ua. Waashi wakachimba, wakakuta kisima kikavu. Ndani ya kisima, njia ya chini kwa chini. Ndani ya njia, watoro watatu waliokuwa wamejificha tangu enzi za mfalme aliyepita, na mmoja wao ana ramani. Jemadari akashuku. Mlango ukajifunga nyuma ya Malkia na Jemadari. Nilihesabu: hapo nilikuwa na vipindi vitano, labda sita nikibana pumzi.

Sitasema uongo, nilijipenda. Niliisoma kwa sauti peke yangu jikoni na kujipigia meza.

Alhamisi ikafika. Fupisha alikuwa amesafiri kikazi, akamwachia fundi mitambo funguo na maagizo ya kutogusa feni. Mama Mkubwa akaingia studio, mikono myekundu kwa mvuke, kitambaa cha kichwa kimelowa pembeni. Nikampa kurasa zake. Alizisoma amesimama. Nilikuwa namwangalia, nangoja atabasamu. Aliufikia mwisho, akarudi mwanzo, akapekua katikati, kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye mfuko anaojua hauna.

"Hii ndiyo ya leo?"

"Ndiyo hii, Mama."

"Yote?"

"Yote."

"Hakuna ukurasa umesahau nyumbani?"

Nikacheka. Mimi, mjinga, nilidhani ni utamu umemzidi, anataka nyongeza. "Nyingine wiki ijayo," nikamwambia.

Akavuta pumzi ndefu, akavaa visikilizi vya masikioni. Tulirekodi kwa saa mbili. Sauti yake ilikatika penye "Jengeni," ikakatika tena penye "kisima," na mara ya tatu ikakatika mahali pasipo na neno lolote, kwenye pumzi tu. Kishindo akampa maji ya handaki. Yalikuwa masafi, alikuwa ameyabadilisha asubuhi. Jemadari wetu, ambaye siku nyingine zote anatengeneza miwani kwenye kibanda karibu na posta, alimnyanyulia kiti bila kuambiwa. Mimi nikawa nazunguka mle ndani nikiwahimiza kama kuku aliyetaga.

Mchezo hurushwa Jumamosi jioni. Tulikuwa nyumbani, Mama Mkubwa ameketi kwenye kochi, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi, redio juu ya kabati la vyombo. Tulisikiliza mpaka mwisho. Nje kwa jirani tulisikia watu wakipiga mayowe mlango wa kisima ulipojifunga. Mtu mmoja akapaza sauti kupitia dirishani, "Malkia, toka humo!"

"Umesikia?" nikasema. "Umesikia wanavyokupenda?"

Alinyoosha mkono akaizima redio. Kisha akasema, taratibu, kwa ile sauti iliyobaki:

"Nani alikuambia uninyime kifo changu?"

Nilifikiri nimesikia vibaya.

"Kile kikaratasi," akasema. "Fupisha alikuandikia au hakukuandikia?"

"Aliandika. Lakini Mama, alitaka kukutoa. Alimtaka yule wa sabuni—"

"Anitoe nani? Fupisha?" Akaguna. "Fupisha nilimfundisha mimi kuvaa visikilizi. Alikuwa anavivaa kichwa chini miguu juu. Mimi ndiye niliyekwenda kumwomba. Miezi miwili sasa. Daktari ameniangalia kooni, kuna vinundu. Ameniambia, mama, sauti hii uipumzishe, usipoipumzisha itaondoka yenyewe na haitaaga. Nikamwambia Fupisha, niue. Niue vizuri, nitoke na heshima yangu, kabla watu hawajaanza kunihurumia redioni."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilijua utalia. Na wewe ukilia unaandika vibaya."

Ilikuwa kweli.

"Nilimwapisha asikuambie sababu. Akuandikie tu kama kazi. Nikajua wewe ukipewa kazi unaifanya." Akatoa mguu mmoja ndani ya maji, akautazama, akaurudisha. "Nimechoka, mwanangu. Asubuhi mvuke, alasiri ngazi, halafu kasri. Nikifika hapa sauti imebaki ya kuomba chumvi tu. Juzi Alhamisi napanda, najiambia, leo nakufa, leo ndiyo mwisho, nikapanda hata sikusimama ghorofa ya pili. Nafungua kurasa zako. Umenijengea ua!"

"Mama..."

"Kuna kisima. Kuna njia ya chini kwa chini. Kuna watu watatu humo ndani na ramani. Nitatoka lini mimi humo?"

"Vipindi vitano," nikasema kwa sauti ndogo.

"Vitano!" Akacheka, lakini kicheko hakikutoka, mabega tu ndiyo yaliyotikisika. "Sarufi hiyo ndiyo niliyokusomesha?"

Kumbe Kishindo alikuwa ameshamwambia.

"Nakuomba ra—"

"Usiniombe radhi." Akainua kidole chenye alama ya pasi. "Radhi haiandiki kitu. Chukua kalamu uniue. Nisipige kelele, kelele sina. Nisianguke, goti halitaki. Na asije mtu mwingine kuniandikia. Nimekufanya farasi wangu, nimekufanya waziri wangu. Sitakufa kwa mkono wa mtu nisiyemjua."

Jumatatu Fupisha alirudi, akapiga simu saa mbili asubuhi. Nilisikia anavyopumua kabla hajasema.

"Ua wa malkia," akasema.

"Bosi."

"Kisima."

"Bosi, niseme kidogo..."

"Alhamisi unaniletea vitu viwili. Kifo, na barua ya kuomba radhi. Kimoja kikikosekana, mchezo una mwandishi mwingine." Akakata. Kwa kipimo chake ilikuwa hotuba.

Kuna kaka mmoja wa jirani aliyewahi kufanya kazi ya kubomoa nyumba. Aliniambia kujenga ni wiki, kubomoa ni siku. Nilikuja kuona kwamba kwenye karatasi ni kinyume. Ule ua niliujenga kwa siku mbili nikiwa naimba. Kifo kilinikalia. Nilimuua kwa panga, nikachana. Nilimuua kwa sumu, nikachana, kwa sababu sumu inataka mtu akorome na kulalamika na yeye sauti hana. Nilimsukuma kutoka juu ya mnara, nikakumbuka goti. Alikuwa ameanza kuitunza sauti, haongei kabisa nyumbani. Nilikuwa namsomea mistari naye anagonga meza, mara moja ndiyo, mara mbili hapana. Jumanne aligonga mbili mbili mpaka chai ikamwagika. Jumatano asubuhi nilimsomea kurasa tatu. Akaninyooshea mkono nimpe kalamu. Akafuta sentensi moja ya Malkia, sentensi niliyoipenda, ndefu, ina tashbihi mbili. Pembeni akaandika kwa herufi kubwa za mtu aliyesoma kidogo na kusoma vizuri: FUPISHA. Kisha akagonga mara moja.

Watoro watatu na ramani yao niliwatoa kwa sentensi mbili za Jemadari. Hakuna msikilizaji aliyewahi kuwaulizia.

Alhamisi tulipanda ngazi pamoja. Ghorofa ya pili nilisimama mimi, si yeye.

Ndani ya studio Fupisha alikuwa upande wa pili wa kioo, mikono mfukoni. Taa nyekundu ikawaka. Kishindo akavuta lango, lango likalia, adui akaingia kwa vikombe viwili. Jemadari akakimbia juu ya vigae, viatu vyake na vya Kishindo vikipishana.

"Malkia! Wameshafika ukumbini. Farasi yuko tayari, ngazi ya siri iko wazi. Kimbia!"

Mama Mkubwa akasogea karibu na kipaza sauti. Aliongea kwa ile sauti ya nyumbani, ya kuomba chumvi, ambayo haijawahi kusikika hewani.

"Miaka kumi na mmoja nakimbia ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Usiniletee farasi. Niletee kiti."

"Kiti gani, Malkia wangu?"

"Chochote chenye mgongo."

Kishindo akaburuta kiti. Mama Mkubwa akakaa kweli, kiti kikaguna. Akavuta pumzi. Akaiachia. Akavuta nyingine, fupi kuliko ya kwanza. Akaiachia. Sote tukangoja ya tatu.

Kishindo alikuwa ameinua mikono yote miwili juu ya meza yake, na mikono ikabaki hewani. Alitazama kabati, alitazama beseni, alitazama vikombe. Hakukuwa na kitu cha kugonga. Jemadari alikuwa na mstari mmoja baada ya hapo, hakuusema. Alikuwa ameshika karatasi usoni. Niliangalia saa ya ukutani. Sekunde ishirini na mbili. Redioni hizo ni nyingi. Watu huanza kuitikisa redio kwa sekunde tano.

Taa ikazimika.

Mama Mkubwa akavua visikilizi. Akazikunja kurasa zake mara nne, akilinganisha pembe kwa pembe kama anavyokunja mashuka, akazitia kwenye mkoba.

"Nimemaliza?" akamuuliza Kishindo, kwa midomo zaidi kuliko sauti.

"Umemaliza, Malkia."

"Basi nishike mkono. Kushuka ndiko kubaya."

Wakaenda. Nilisikia viatu vyao ngazini, taratibu, viwili na viwili, na kwa mara ya kwanza hapakuwa na mtu wa kurekodi.

Fupisha aliniita ofisini. Chumba chake kina meza, kabati la chuma, na dirisha linaloangalia ukuta. Macho yake yalikuwa mekundu, akajifanya anatafuta kalamu kwenye droo.

"Ule ukimya wa mwisho," akaanza.

"Fupisha," nikamtangulia.

"Hapana." Akaifunga droo. "Uache. Nimemwambia fundi asiuguse."

Mimi nilikuwa na uchovu wa mtu aliyetoka msibani, na nilimwona naye anao uleule, umemkaa mabegani. Pengine tungeachia hapo. Lakini alivuta karatasi moja, akaigeuza upande wangu. Alikuwa ameipiga chapa mwenyewe, kwa kuwa mimi sikuja na yangu. Ilisema: *Mimi, mwandishi wa mchezo, naomba radhi kwa kutoelewa maelekezo ya mkuu wangu.* Chini kulikuwa na mstari wa sahihi.

"Tia sahihi hapo tuendelee. Wiki ijayo kasri linataka mtu wa kulitawala, na sitaki mwandishi mgeni."

"Hapa pameandikwa sikuelewa."

"Ndiyo."

"Nilielewa, Bosi."

Akafumba macho. "Sikiliza. Nilikuwa natunza siri ya mama yako. Aliniapisha. Nikaandika kama alivyotaka, kikazi, bila maelezo. Wewe ukanigeuzia maneno, ukamrudisha mgonjwa kwenye kipaza sauti saa mbili nzima. Ulimchosha mtu aliyechoka."

"Hilo ni kweli. Hilo nimelibeba, na nitaendelea kulibeba, na yeye anajua nimelibeba. Hilo halimo kwenye barua hii."

"Barua ni utaratibu tu. Nimeshawaambia wa juu kwamba ni kutoelewana."

"Waambie vingine. Waambie niliona neno limekosewa nikaingia hapohapo." Nikairudisha karatasi upande wake. "Ungeniandikia 'mama yako amechoka', ningemuua siku ileile, na ningemuua vizuri. Maneno matatu tu. Wewe ni mtu wa kufupisha, maneno matatu yangekutosha. Ukaandika mawili, kwa mtu aliyetumika miaka kumi na mmoja, na lile la kwanza ukalikosea."

"Unajua maana ya kutotia sahihi?"

"Najua. Sina mchezo tena."

"Kwa ajili ya herufi mbili."

"Kwa ajili ya herufi mbili."

Nje, mtu alikuwa anaburuta lango kuu kulirudisha kabatini, nalo lilikuwa linalia.

"Kwa hiyo huombi radhi," akasema.

"Siombi."